Kanopi ya dirisha inaingiza maji ukutani, silikoni nimepaka mara tatu na bado. Wajuzi njooni

GobaJuu

Wakuu habari za muda huu, niende moja kwa moja maana nimechoka.

Nyumba yangu iko Goba, tofali za bloku inchi 6, lipu nje na ndani, madirisha ya aluminiamu. Kabla ya masika nikaona niweke kanopi ya bati juu ya dirisha la chumba cha kulala, upande ule mvua inapiga moja kwa moja na jua la jioni limeshapausha pazia mbili. Fundi akachomelea fremu ya skwea paipu, akaifunga ukutani kwa bolti nne, juu akaweka bati la msauzi, na pale bati linapogusana na ukuta akapiga silikoni nyeupe ndefuu imenyooka kama dawa ya meno. Nikalipa, nikapiga picha, nikaposti status.

Mvua kubwa ya kwanza tu, saa tisa usiku wife ananiamsha mguu wake umelowa. Maji yanashuka ukutani nyuma ya kanopi, yanaloanisha lipu ya ndani juu ya dirisha, rangi imevimba kama andazi, halafu yanadondoka tone tone kwenye godoro. Nikamuita fundi akaongeza silikoni. Ikatulia mvua mbili, ya tatu yakarudi. Akaja tena, silikoni tena. Mara ya tatu nimenunua mwenyewe nikapanda ngazi nikapaka mwenyewe, tyubu nzima, juzi yameingia tena vilevile.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kabla ya kanopi ukuta ule haukuwahi kuvuja hata siku moja. Yaani nimetoa hela mfukoni kununua mvujo. Sasa hivi kitanda tumekisogeza mpaka kimegusa kabati, mlango wa kabati haufunguki vizuri nguo natoa kwa kuchungulia.

Shida iko wapi wakuu? Natanguliza shukrani.

---

mla_bata_wa_Tegeta

Fundi maiko huyo kakupiga mchana kweupe. Pole mkuu. Nakaa hapa nasubiri wajuzi na mimi nataka kuweka.

---

Kaka Mbezi

Hiyo dawa yake lami tu. Chemsha lami pakaza pale juu nene, weka kipande cha gunia, pakaza tena, kesi imeisha. Mambo ya silikoni ni ya mabafuni.

---

mzeewalipu

Kaka Mbezi lami ile ikipigwa na jua la Dar miezi sita inapasuka kama kisigino, halafu imechuruzika kwenye rangi ya ukuta ukitaka kuitoa unatoka na lipu. Mwacheni jamaa.

GobaJuu mwanangu, mimi nimeshika mwiko tangu kijana na siku hizi nasimamia saiti za watu, ngoja nikueleze taratibu maana swali lako ni zuri ila watu wengi wanalijibu kwa tyubu.

Kwanza hilo la "kabla ya kanopi haukuvuja". Ni kweli kabisa na wala si maajabu. Ukuta wako ulikuwa unalowa, maji yanateremka juu ya rangi mpaka chini, yanaondoka, ukuta unakauka. Hayakuwa na mahali pa kusimama. Sasa wewe umeweka kizuizi katikati ya ukuta. Maji yote yanayoteremka kutoka juu, labda mita mbili za ukuta, yanafika pale kwenye bati yanasimama yanatafuta pa kupita. Na hapo hapo fundi wako ametoboa matundu manne ya bolti. Bloku ina vinyweleo, maji yakiingia kwenye tundu yanatembea ndani yanatokea chumbani. Kwa hiyo usiulize "nizibe na nini", uliza "maji haya yaende wapi".

Pili silikoni. Mimi siichukii. Lakini ile imewekwa juu ya rangi yenye vumbi, haijashika ukuta imeshika vumbi. Na hata ikishika, bati mchana linaungua usiku linapoa, upepo ukivuma kanopi inatikisika, ule mstari wa silikoni unavutwa kila siku upande huu na upande huu mpaka unaachia uwazi mwembamba kama unywele. Uwazi mwembamba ni mbaya kuliko mpana, maji yananywewa ndani kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Halafu ukipaka silikoni mpya juu ya ya zamani haishikani, ndio maana mara ya pili na ya tatu umepoteza hela. Na angalia kama ile uliyonunua ina harufu ya siki. Ile yenye siki haipatani na saruji wala bati lenye zinki, inaachia na inaleta kutu. Kuna isiyo na harufu ya siki, na kuna ile ya poliurethini, aina ya Sikaflex, hiyo inashika lipu vizuri na unaweza kupaka rangi juu yake. Silikoni ya kawaida rangi haikai.

Sasa kinachotakiwa pale ni flashingi. Kipande cha bati bapa kimekunjwa, upande mmoja umepanda ukutani, upande mwingine umelala juu ya bati la kanopi. Na ule upande wa ukutani hauegemezwi tu juu ya rangi ukapigwa misumari, HAPANA, unaingia ndani ya ukuta. Unachukua grinda yenye disiki ya kukatia zege, unachora mstari ulionyooka na pimamaji, sentimita 15 hivi juu ya bati, unakata mfereji wa kina cha sentimita 2 na nusu. Usikate sentimita moja ukasema inatosha. Lipu yako yenyewe ina unene wa sentimita moja na nusu, ukiishia hapo flashingi imeshika lipu tu, lipu ikija kuachia inaondoka nayo. Lazima ufike kwenye tofali.

Unapuliza vumbi lote, unaingiza mdomo wa flashingi uliokunjwa, unaubana na vipande vidogo vya bati vilivyokunjwa kama kabari, ndipo unajaza ule mfereji na poliurethini. Hapo hata gundi ikizeeka maji yatakuta bati limeshaingia ukutani, yanashuka juu yake yanaenda nje. Gundi ni msaidizi, mwenye kazi ni bati.

Nimeandika sana, kuna vingine nitarudi, naenda swala.

---

DadaKigamboni

Mzee ubarikiwe. Naongezea la chumvi. Sisi wa karibu na bahari bolti za kawaida mwaka haumalizi zimeshaanza kulia machozi ya kutu ukutani. Wekeni za chuma cha pua ila wekeni na washa ya raba msibane chuma cha pua moja kwa moja juu ya aluminiamu, vikilowa maji ya chumvi aluminiamu inaliwa. Mimi kanopi yangu ya kwanza ilidondoka na sehemu ya bati ikabaki imening'inia kwenye skrubu kama sikio.

---

GobaJuu

Mzee asante sana, umeniamsha. Harufu ya siki ipo tena kali nilidhani ndio uimara 😂

Swali: kwa nini isiwe flashingi moja tu imepigwa skrubu ukutani na kwenye bati pia ikabana kote kote?

---

fundi_bati_mwenyewe

Naomba nijibu hili ndio kazi yangu kila siku.

Ukibana kote kote unarudi kule kule kwa silikoni. Kanopi inatikisika, ukuta hautikisiki, kitakachoachia ni skrubu za ukutani. Tunavyofanya kazi ya kueleweka tunaweka vipande viwili. Kipande cha chini kimefungwa kwenye kanopi na kimepanda ukutani sentimita 10 hivi bila kupigwa chochote ukutani. Kipande cha juu kimeingia kwenye ule mfereji wa mzee na kimeshuka kikafunika cha chini kama sentimita 7 au 8, bila kufungwa kwenye kanopi. Ni kama koti juu ya shati. Kanopi ikicheza, shati linacheza ndani ya koti na maji hayaoni ukuta.

Na jambo ambalo mafundi wengi wanaharibu: ule mdomo wa chini wa flashingi USIZIBE. Jamaa anamaliza kazi nzuri halafu anapiga silikoni chini kote anasema anamalizia. Maji yakipata njia kidogo kule juu yanaingia nyuma ya flashingi yanakosa pa kutokea, yanakaa, yanaingia ndani. Juu ziba, chini acha wazi.

Bati la msauzi lina migongo na mabonde. Flashingi bapa ukiilaza juu ya migongo, kwenye kila bonde kuna uwazi unaoona mpaka upande wa pili. Mvua ya upepo inaingia hapo. Kuna sponji zilizokatwa umbo la bati zinawekwa pale, na hata kama huna, chukua koleo ukunje kila bonde mwishoni kule ukutani lisimame juu kidogo. Dakika tano tu, maji yanayosukumwa na upepo kurudi nyuma yanakuta ukingo.

Slopu je? Kanopi yako inatoka kiasi gani na imelala kiasi gani? Wengi mnapenda iwe tambarare mnasema ndio ya kisasa.

---

GobaJuu

Nimetoka kupima sasa hivi na futi kamba. Inatoka sentimita 60. Tofauti ya juu na chini ni sentimita 3 😐

---

fundi_bati_mwenyewe

Tatu! Hapo ndio pale. Kwa 60 mimi nisingeshuka chini ya 10. Hiyo tatu ukiongeza na bati kubonyea kidogo mwenye ngazi alipokanyaga, maji yanarudi ukutani yenyewe.

---

Kipepo254

Hamjambo ndugu zangu, mimi niko Mombasa. Nyumba ya marehemu babu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unene wake kama nusu mita. Fundi alitaka kuingiza grinda nikamkataza, jiwe lile ni laini, ukitetemesha linamomonyoka. Tulitafuta ule mstari wa chokaa kati ya mawe, tukakwangua taratibu kwa tindo, mabati ya flashingi yakaingia humo, tukajaza kwa chokaa si kwa simiti. Simiti ni ngumu mno kwa jiwe lile, inafunga unyevu ndani na jiwe linakuja kumeguka pembeni. Ikiwa kuna mtu wa Lamu au Unguja mji wa kale hapa basi asikubali fundi wa grinda.

---

Kinyonga wa Leicester

Kipepo umenikumbusha huku Uingereza, wanafanya hivyohivyo, hawakati tofali, wanakwangua ule mstari wa mota kati ya matofali kina cha sentimita 2 na nusu wanaingiza risasi, yale madini. Flashingi zao nyingi ni za risasi, laini unaikunja kwa mkono inafuata umbo la ukuta. Ila kwa bongo sishauri, ni sumu ile na kama mtu anakinga maji ya mvua ya kunywa ndio kabisa. Bati linatosha.

---

Mama Junior TZ

Samahanini naingilia uzi, kanopi yangu mimi ni ya zege imemwagwa pamoja na linta (ile boriti ya juu ya dirisha) haina bati wala bolti. Na yenyewe inaleta unyevu kwa ndani. Hayo ya flashingi na mimi yananihusu?

---

mzeewalipu

Nimerudi. Mama Junior ya kwako ni nyepesi zaidi, flashingi si lazima. Panda juu wakati mvua imekatika, angalia maji yamesimama wapi. Nakuwekea dau yamesimama kwenye kona ya ukuta, maana fundi akimwaga zege mbao za fomu zikibonyea upande wa ukuta au akisawazisha kwa macho, kanopi inaelemea nyuma. Unasugua juu pakwaruze kwa tindo, unaosha, unapiga mota yenye dawa ya kuzuia maji ukiipa mteremko wa kwenda nje, na pale kwenye kona na ukuta unapiga kona ya mota iliyolala kama sentimita 5 kwa 5, isiwe pembe kali. Maji hayapendi kukaa kwenye kona iliyolala. Kama kuna kipaipu cha kutolea maji pembeni kizibue, nimeshatoa humo majani ya mwarobaini na siku moja kandambili ya mtoto.

Na chini ya kanopi, karibu na ncha ya mbele, angalia kama kuna mfereji mdogo umechorwa. Kama haupo maji yanazunguka ncha yanatambaa chini ya zege mpaka yanafika kwenye dirisha. Ule mfereji yakifika yanashindwa kuvuka yanadondoka. Zamani tulikuwa tunaweka kipande cha nondo ya milimita 10 kwenye fomu kabla ya kumwaga, ukifungua fomu unaitoa umepata mfereji. Sasa hivi wanasahau halafu tunaanza kukata na grinda kichwa juu, vumbi lote machoni.

Na maua kwenye vyungu usiweke pale juu mama. Najua umeweka.

---

Mama Junior TZ

😂😂 Mzee umejuaje jamani. Viwili tu.

---

tekniksheni wa zamu

Mimi napinga kidogo. Jamaa asianze kukata ukuta kabla hajajua maji yanaingilia wapi. Nilikuwa na tatizo kama lake, nikaweka flashingi ya maana kabisa, bado yakaingia. Kumbe yalikuwa yanaingia kwenye ufa juu kabisa karibu na tundu la paipu ya AC, yanateremka NYUMA ya lipu, yanatokea juu ya dirisha. Kanopi ilikuwa inasingiziwa.

Fanya hivi. Siku ya jua chukua mpira wa bustani, mtu mmoja akae ndani na tochi. Anza CHINI. Mwagia fremu ya dirisha kwanza dakika 10, bila presha, kama mvua. Ndani kukiwa kukavu panda kwenye bolti za kanopi dakika 10. Halafu ule muungano. Halafu ukuta juu ya kanopi. Ukianzia juu maji yanashuka yanalowanisha kila kitu hujui ni wapi. Aliye ndani akipiga kelele, hapo ndipo.

Na gonga lipu kwa mpini wa nyundo, ikilia wazi kama debe imeachia tofali, kuna njia ya maji humo.

Kama kuna swichi au soketi karibu na huo ukuta zima umeme wa chumba hicho kwanza kabla ya mchezo wote huu.

---

mzeewalipu

Huyu kaongea. Nakubali, nilikimbilia dawa kabla ya kipimo.

---

kijana_wa_glasi

Na wale tunaoweka za polikaboneti, zile za kuangaza, msitoboe tundu sawasawa na skrubu. Inatanuka sana, shiti ya mita 3 ikitoka baridi ya alfajiri ikaja jua la mchana lililoichemsha, tofauti ya digrii 40, inaongezeka karibu milimita 8. Bati la chuma urefu huohuo halifiki hata milimita 2. Tundu liwe pana kuliko skrubu na washa pana ya raba, la sivyo inapasuka kwenye matundu na hapo ndipo pa kuvuja.

---

GobaJuu

Wakuu MREJESHO.

Jumamosi nilifanya kipimo cha mpira. Mimi nje na mpira, wife ndani na tochi ya simu. Fremu ya dirisha, kimya. Bolti, dakika ya nne hivi nasikia "huku huku huku kulia!" Bolti ya juu kulia inaleta maji yenyewe. Muungano nao ukaleta, ila polepole. Ukuta wa juu kukavu. Kugonga lipu, kuna sehemu kama sahani inalia wazi pale pale kwenye bolti, fundi alipotoboa aliipiga ikaachia.

Yule fundi wa kwanza simu hapokei. Nimepata mwingine, nimemuonyesha huu uzi akausoma wote kimya, akasema "hawa watu wanajua" nikampa kazi.

Tumeshusha kanopi yote. Lipu iliyoachia imetolewa ikapigwa upya, tumeacha wiki ikauke. Matundu ya bolti yamejazwa poliurethini kabla ya bolti kuingia na washa za raba nje. Fremu imeinuliwa upande wa ukuta, sasa tofauti ni 11. Mabonde ya bati yamekunjwa, flashingi vipande viwili, mfereji umeingia mpaka kwenye tofali. Vumbi limeingia hadi kwenye sukari.

Nasubiri mvua.

---

mla_bata_wa_Tegeta

Naona mawingu huku Tegeta mkuu jiandae

---

GobaJuu

Imenyesha jana usiku ile kubwa ya upepo. Juu ya dirisha pakavu, nimepapasa kwa mkono, pakavu! LAKINI kona ya kushoto chini, pembeni ya fremu, kuna unyevu kama kiganja. Nini tena jamani.

---

fundi_bati_mwenyewe

Flashingi inaishia wapi upande wa kushoto? Sawa na mwisho wa kanopi au imepita?

---

GobaJuu

Sawasawa na kanopi. Kulia imepita kidogo.

---

fundi_bati_mwenyewe

Ndio hiyo. Maji ya ukutani yanaikuta flashingi, yanatembea juu yake kwenda pembeni, yakifika mwisho yanamwagikia ukutani pale pale kwenye kona ya dirisha. Ongeza kipande kipite kanopi sentimita 10, kipishane na cha zamani sentimita 10 au 15, na mwisho wake ukunjwe usimame kidogo ili maji yatupwe mbele ya bati yasirudi ukutani.

---

tekniksheni wa zamu

+1

---

GobaJuu

Kimeongezwa Jumanne. Mvua mbili zimepita, ya jana ilianza magharibi mpaka alfajiri. Kushoto pakavu, kulia pakavu. Rangi sipaki mpaka ukuta wa ndani ukauke kabisa, mzee kaniambia PM nisiwe na haraka nisije nikafungia unyevu ndani.

Kitanda kimerudi mahali pake. Mlango wa kabati unafunguka.

---

Kaka Mbezi

Hongera. Mimi lami yangu bado iko imara lakini.

---

mzeewalipu

Ina muda gani?

---

Kaka Mbezi

Mwezi wa tatu huu.